Kondoo Wasiolia

Kondoo namba themanini na nane alikufa huku anakula, mimi nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na debe la chakula mkononi.

Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Nilimwona ameinamisha kichwa horini, taya zinasaga, sikio lenye pete ya buluu linatikisika kama siku zote. Nikamwaga chakula, nikapita. Niliporudi upande ule alikuwa amepiga magoti ya mbele, bado anatafuna, nikadhani anaokota punje zilizomwagika chini. Hata alipolala ubavu nilimaliza kwanza kumwaga debe langu. Ndipo nikauona mguu mmoja wa mwanakondoo umechomoza nyuma yake, umekauka na kuwa mweusi. Ulikuwa umetoka tangu jana. Mguu wa pili ulikuwa umekunjwa ndani, na kwa siku nzima yule mama alikuwa amesukuma mzigo usiopita, akachanika tumboni, akavuja damu, na asione sababu ya kuacha kula.

Kondoo yeyote wa babu yangu angepiga kelele hadi majirani wa ng'ambo ya bonde waje kuuliza kulikoni. Ningepaka mafuta mkononi, nimrudishe mwanakondoo nyuma kidogo, niunyooshe ule mguu, nivute. Dakika kumi, kazi imekwisha. Nimeifanya mara nyingi mno. Mikono yangu ni myembamba, na baba alizoea kusema kwamba Mungu alipoiumba alikuwa anafikiria kondoo, si mume.

Jioni ile simu yangu ililia. Ilikuwa tathmini ya siku kutoka Shirika la Uzao, iliyokusanywa na pete za masikioni: joto la mwili, mapigo ya moyo, ulaji. Namba themanini na nane, ulaji bora, alama tisini na nne kwa mia. Nikaitupa simu kwenye gunia la viazi, nikaenda kuchimba shimo.

*

Sisi akina Ngajilo tumefuga kondoo huku juu Kitulo tangu babu wa baba yangu. Ni nchi ya baridi. Juni na Julai ukitoka asubuhi majani yanavunjika chini ya buti kwa barafu. Kondoo wetu walijulikana Makete nzima kwa kuvumilia hali hiyo, na ndiyo maana Shirika lilipotafuta familia za kuzalisha Tisini, lilianza na sisi. Tisini ni kondoo anayefikisha kilo sitini kwa siku tisini. Leo hakuna asiyewajua, lakini damu ya kwanza iliyowafanya wasife kwa baridi ilitoka katika zizi letu, na baba hakuacha mgeni aondoke bila kuambiwa hivyo.

Kisha wakatuletea Kimya.

Kimya ni Tisini aliyefungwa milango. Ndivyo mdogo wangu Ombeni alivyonieleza, na yeye amesoma. Shirika lenyewe ndilo lililompeleka chuo cha mifugo, na ndiye mtaalamu wake hapa shambani. Alisema kwenye mishipa ya fahamu kuna vilango vidogo sana. Mnyama akiumia vinafunguka, na habari inapita kwenda kwenye ubongo. Wataalamu wa Shirika walibadilisha herufi chache katika chembe za urithi, vilango vikazaliwa vimefungwa, vya maumivu na vya hofu. Kondoo asiyeumwa wala kuogopa hana haja ya kulia, hamtafuti mwanawe, hashtuki. Nguvu yote inakwenda kwenye nyama. Siku tisini zikawa sabini na sita, ingawa jina la Tisini halikubadilika.

Niliafiki. Nani angekataa? Mwaka wa kwanza nilikuwa najisifu kanisani.

Ila kwetu kulikuwa na jambo tulilolifanya kila jioni, nalo tuliliita mwitikio. Kondoo wetu hatuwahesabu. Wazee walisema kuhesabu mifugo ni kuualika msiba, lakini hata bila mwiko huo hatukuwa na haja ya namba. Mama zao walitoka malishoni, wanakondoo walikuwa zizini, na geti likifunguliwa kila mama aliita na kila mtoto aliitika. Fujo kubwa. Halafu kila aliyempata wake alinyamaza, sauti zikapungua moja moja hadi kukawa kimya. Ikibaki sauti moja inaendelea kuita, ulijua nani hajarudi, na ulijua hata ni wa nani, kwa sababu kila kondoo ana sauti yake kama ulivyo na yako.

Kwa Kimya, geti lilifunguliwa na miguu mia nane ikapita bila neno. Mwanakondoo alinyonya popote alipokuta titi. Jike mmoja alitembea siku mbili kwa mguu uliovunjika, anakula vizuri, mpaka nilipouona mfupa. Hapo bado nilijiambia kwamba ni ajali. Namba themanini na nane ndiye aliyenimaliza.

*

Miezi mitano baada ya kumzika, Ombeni alikuja mbio kutoka banda la kuzalia, buti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Dada! Kuna kitu kinalia bandani!"

"Kitu gani?"

"Sijui! Kinalia!"

Mtu amesomea mifugo miaka minne na neno mwanakondoo halikumjia kichwani. Nilicheka hadi nikashika nguzo. Hakucheka. Alirudi bandani, na nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa mbele ya kitoto cheusi chenye miguu ya kutetemeka. Kilikuwa kimeachama, kinamlilia mama yake, na mama anatafuna majani makavu kana kwamba hakuna mtu.

Kufikia Jumapili walikuwa kumi na mmoja, wa majike watano. Wote walilia. Ombeni alichukua damu, akaiweka kwenye mashine yake, akasoma majibu mara mbili, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada Yusta. Kimya hakirithiwi upande mmoja. Lazima mama akitoe na baba akitoe. Baba yao hawa hana Kimya. Baba yao ni nani?"

"Shemasi."

Shemasi ni dume la mwisho la damu ya babu. Mkataba ulitaka madume yote ya zamani yaondolewe, lakini kwetu dume lililojenga zizi halichinjwi na waliokula kwa jasho lake, linaachwa lizeeke. Tulimficha nyuma ya ghala la viazi. Ana miaka tisa, meno manne, na adabu hana kabisa. Jina alilipata kwa kutembea polepole na kuchungulia sahani za watu.

"Ameruka uzio?"

"Shemasi? Huyo haruki hata kinyesi chake. Nilimfungulia."

Ombeni akainuka kutoka kwenye ndoo. Yeye ni mpole, tangu utotoni. Nikimkosea huwa ananyamaza na kuniacha nijishtaki mwenyewe. Safari hii hakunyamaza.

"Unajua umefanya nini? Achana na mkataba. Achana na Shirika. Hawa watachinjwa, dada. Siku zao ni zilezile. Walikuwa waende bila kuhisi kitu, si kisu, si gari, si kiu ya njiani. Umekwenda kuwachukulia maumivu ukawarudishia. Kwa makusudi. Kwa mkono wako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mkataba. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Kile kitoto cheusi kilikuja kikauma pindo la sketi yangu, kikanyonya kitambaa, kikakasirika, kikalia tena.

"Themanini na nane nilimwua mimi," nikasema. "Kwa kutosikia."

"Themanini na nane hakuumwa."

"Hakuumwa, akafa. Wa babu wangeumwa, wakapona. Wewe chagua."

"Sikuulizwa nichague," akasema Ombeni. "Wala wao."

*

Baba yangu, mzee Atanasi, ana miaka themanini na mbili. Alikuwa na sikio kali kuliko mtu yeyote katika uwanda huu. Angeweza kusema kondoo fulani ana kikohozi akiwa amekaa kanisani na kondoo yuko nyumbani. Miaka minne iliyopita masikio yalimwacha. Hakutuambia. Sisi nasi, Kimya walipokuja, hatukumwambia kwamba zizi limenyamaza. Nyumba nzima tulikuwa tunastahiana. Kila jioni aliketi getini na blanketi lake, akainamisha kichwa upande kama zamani, akatulia, kisha akatikisa kichwa na kusema, "Wametimia." Na mimi nikajibu, "Wametimia, baba."

Asubuhi ya Jumatatu nilikibeba kile kitoto cheusi, nikampakatisha baba akiwa anaota jua. Alikipapasa kama mfugaji anavyopapasa: mgongo, kiuno, mapaja. Kisha kiganja chake kikasimama kwenye mbavu.

"Huyu analia," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Analia kwa nguvu. Nasikia mbavu zinatetemeka." Akakiweka shavuni, kichwa kwa kichwa. Halafu akaniangalia. "Na wale wengine wote?"

Nikainama karibu na sikio lake, nikapaza sauti. "Wale hawalii, baba! Hawajawahi kulia! Mwaka wa tatu huu!"

Nilitegemea ahuzunike. Baba yangu hahuzuniki akiwa na nafasi ya kukasirika.

"Miaka mitatu!" akafoka. "Miaka mitatu mnaniacha nikae getini natikisa kichwa kama mjusi! Nikisema wametimia, wametimia nini? Nilidhani ni masikio yangu! Kila siku namwomba Mungu anirudishie hata sauti ya jike mmoja, kumbe nyie mnajua hakuna cha kusikia!"

"Na wewe hukutuambia husikii!"

"Hilo ni langu!" Akakohoa, akapangusa macho kwa ncha ya blanketi. Kitoto kilikuwa kimelala mapajani pake. "Nani alisaini mambo haya?"

"Wewe, baba. Ulivaa na kofia."

"Nilisaini kilo," akasema. "Sikusaini hili."

Nikamsimulia sikioni habari za Shemasi na maneno ya Ombeni, ila sikumuuliza kama nilifanya vema. Alinijibu bila kuulizwa, huku akikisugua kile kitoto kati ya masikio. Alisema Ombeni ana haki, maumivu si zawadi mtu anayoweza kujisifu nayo, na kwamba nisije nikajifanya mtakatifu. Kisha akaniagiza nimletee mwingine, huyu amekwisha kulala.

*

Pete za masikio zilitusaliti Jumatano. Huwezi kumtoa mwanakondoo bandani bila pete, geti halifunguki. Na pete zile kumi na moja zilikuwa zinatuma mapigo ya moyo yanayopanda na kushuka, kitu ambacho mashine za Shirika hazikuwa zimekiona tangu Kimya waanze. Ujumbe ukaja: mkaguzi atafika Ijumaa saa nne, kwa kipimo cha koleo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Ncha ya sikio inabanwa kwa koleo kwa sekunde tano. Akiendelea kutafuna, ni Kimya, anasajiliwa. Akishtuka, anadungwa sindano palepale na kuteketezwa.

Ombeni alinifuata kisimani. Alikuwa ameshika kichupa kidogo.

"Ganzi," akasema. "Sindano moja kila shingo saa tatu na nusu. Inakaa saa mbili. Koleo likibana hawatajua."

Nikaweka ndoo chini. "Wewe? Wewe uliyenihubiria?"

"Nilikuambia ulikosea. Sikukuambia nataka wafe." Akakaa kwenye ukingo wa kisima, akaanza kuongea haraka, macho chini. "Sikiliza. Wakipita kipimo watasajiliwa kama Kimya. Wanne ni madume, na wana umbo zuri, umewaona. Shirika litawachukua liwatawanye mashamba yote kama madume bora. Wakizaa na Kimya, nusu ya watoto watalia. Miaka mitano, sita, damu ya Shemasi iko kila zizi nchini, na hakuna atakayejua ilianzia wapi. Umeshinda, dada. Bila hata kuinua sauti."

Sitaki kudanganya: nilikitamani kile kichupa. Niliyaona mazizi yote, mageti yote yakifunguliwa jioni, na Shirika limesimama katikati halijui la kufanya. Nilikishika. Kilikuwa cha vuguvugu kwa mkono wake.

Kisha nikawafikiria wafugaji wenyewe. Akina Tweve wa kule Matamba, yule mjane wa Ujuni na kondoo wake thelathini. Wamefungua banda asubuhi, kitu kinalia, hawakuambiwa, hawakuulizwa, na Ijumaa koleo linakuja kwao. Hao nao wangesimama kisimani na kichupa. Shirika lilimletea baba kilo likaficha kimya ndani yake. Nami ningewapelekea wenzangu Kimya nikiwa nimeficha kilio ndani yake. Sikuona tofauti, ingawa niliitafuta kwa bidii.

"Hapana," nikasema.

"Basi watateketezwa kesho kutwa."

"Hapana hilo pia."

"Lazima iwe moja, dada!"

"Nani kasema?" Nikamrudishia kichupa chake, nikachukua ndoo yangu. "Waite wafugaji wenzetu wa mkataba. Waambie Ijumaa saa nne waje wasikie kondoo. Na niletee ule mkataba wa baba. Wote, siyo ukurasa wenye picha yake tu."

*

Bwana Rwegasira, mkaguzi, alikuja na malori mawili na watu wanne. Ukungu ulikuwa umekwisha kupanda. Ni mtu mstaarabu. Alivua kofia kumsalimia baba, akamshika mkono kwa mikono miwili, akauliza hali ya afya. Wafugaji saba walikuwa wamesimama kando ya uzio na makoti yao mazito.

"Mama Yusta, umealika mashahidi," akasema, akitabasamu.

"Nimealika wafugaji. Ushahidi watajipa wenyewe."

Alianza na mwanakondoo wa Kimya, kwa haki. Koleo likabana, mwanakondoo akaendelea kutafuna uzi wa koti lake. Sekunde tano, damu kidogo, akaachiwa. Kisha akakishika kile kitoto cheusi.

Sijui nieleze vipi sauti ile. Wenye umri wangu tulikuwa tumeizoea tangu utotoni hata hatukuisikia tena. Lakini miaka mitatu bila sauti, halafu ghafla ile, kwenye baridi, karibu na uso. Bwana Rwegasira aliliachia koleo kabla hata ya sekunde mbili. "Pole," akakiambia kitoto, kisha akatutazama haraka kuona nani amemsikia. Kwenye uzio, mzee Tweve alikuwa amegeuka na kuupa uwanja mgongo.

"Huna haja ya kuwabana wengine," nikasema. "Wote kumi na mmoja ni hivyo. Niliwazalisha mimi, kwa dume letu, nikijua. Ombeni hakujua."

Mkaguzi akapangusa koleo kwa leso, polepole. "Mama Yusta, nikuulize kama binadamu, si kama Shirika. Kwa nini? Hawa wanyama walikuwa na amani. Hata wahenga walisema, kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Sisi tumewatimizia wahenga."

"Wahenga walimsifu kondoo kwa kuwa alikuwa na sauti akaizuia. Wenu mmewakata sauti kabla hawajazaliwa."

"Tumewaondolea mateso. Mwanao akipasuliwa hospitali, utamkatalia ganzi?"

"Ganzi huisha, Bwana Rwegasira."

Mmoja wa watu wake alikuwa ameshafungua sanduku la sindano. Mkaguzi akamwashiria angoje. Akanisogelea, akashusha sauti, na naamini alikuwa anataka kunisaidia. Alisema tuwadunge hawa kumi na mmoja leo, yule dume mzee ahasiwe, na yeye ataandika kwamba uzio ulivunjika. Familia yetu ni ya kwanza katika vitabu vya Shirika. Nani anataka kuifuta? Nisipokubali, leseni ya uzalishaji inakufa leo, na kondoo wote wa Kimya, mia mbili na sita, wanapanda malori sasa hivi. Hakuna Ngajilo atakayezalisha tena kwa mkataba wowote.

Baba alikuwa ananitazama midomo. Ombeni alikuwa anatazama chini. Nikautoa mkataba kwapani.

"Kifungu cha kumi na nne," nikasema, nikausomea uzio mzima, kwa sauti ya kumwezesha hata baba kusikia. "'Mnyama yeyote atakayeonyesha maumivu katika kipimo atahesabiwa kuwa takataka ya uzalishaji. Shirika halitakuwa na umiliki wala wajibu wowote juu ya takataka hiyo, ambayo itakuwa juu ya mzalishaji.'"

"Kuiteketeza," akasema mkaguzi. "Inamaanisha juu yako kuiteketeza."

"Haikuandikwa. Mliogopa kushtakiwa kwa mizoga, mkaandika si yenu. Basi si yenu. Takataka ni yangu, na nimeamua kukaa nayo."

Mtu mmoja kwenye uzio alicheka, akajizuia. Bwana Rwegasira aliusoma ule ukurasa, akaugeuza, akausoma tena. Nadhani alijua tayari. Watu wa aina yake huwa wamesoma vifungu vyote.

"Leseni hiyo basi imekufa," akasema. "Unajua hilo."

"Nalijua."

"Na mama zao ni wa Shirika. Wanakondoo wana siku tano, sita. Ninawachukua mama."

Hilo nalo nililijua. Nilikuwa nimelijua tangu kisimani, nikawa nalizunguka. Nikasema, "Wachukue."

*

Upakiaji ulichukua muda mfupi mno. Kimya hawahitaji kuswagwa. Unatangulia na ndoo ya chakula, wanapanda. Mia mbili na sita walipita mbele ya banda walimozaliwa, vizazi vinne vya kazi yetu viko ndani ya damu yao, na hakukuwa na sauti zaidi ya kwato kwenye mbao. Majike watano walipanda katikati ya wenzao. Hakuna aliyegeuka. Baba alivua kofia yake akabaki nayo mkononi mpaka lori la pili lilipofungwa.

Wanakondoo ndio waliolia. Walikimbia kando ya uzio, wote kumi na mmoja, kufuata harufu ya maziwa. Waliita, wakangoja, wakaita. Malori yalishuka kuelekea barabara ya Mbeya na wao bado wanaita. Wafugaji waliondoka mmoja mmoja. Mzee Tweve alinipungia mkono bila kuniangalia, na sikujua maana yake.

Niliumia. Naliandika bila kuremba: sijawahi kuumia vile, hata mama yetu alipofariki, maana mama hakufa kwa mkono wangu. Nilikuwa nimezalisha watoto wanaoweza kumlilia mtu, nikawapa mama wasioweza kumlilia yeyote.

Ombeni alisimama karibu nami.

"Wanawaita mama wasiowajua," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyewapa kilio hicho."

"Mimi."

"Na bado ungelifungua geti la Shemasi?"

Sikutaka kutafuta jibu kwa haraka ili nionekane shujaa. Kile kitoto cheusi kilikuwa kimeamua kwamba njia ya kumfikia mama ni kupita katikati ya seng'enge. Kiliingiza kichwa kati ya nyuzi mbili, kikasukuma kwa bega. Ombeni akapiga hatua. Mimi nikamshika mkono wa koti, sijui kwa nini, nikamzuia. Mwiba wa seng'enge uliingia ngozini.

Kitoto kikalia, kikarudi nyuma.

Kikasimama, kikalamba bega lake. Kikautazama uzio. Halafu kikaanza kutembea pembeni yake polepole, bila kuugusa tena, kikitafuta mahali penye nafasi.

"Ndiyo," nikamwambia Ombeni. "Ningelifungua." Nikaenda jikoni kuchemsha maziwa ya ng'ombe, maana walikuwa kumi na mmoja na chupa tulikuwa nazo tatu.